Pasi Juu ya Marinda

Yudith aliiogopa pasi ile tangu siku ilipoingia nyumbani kwake, na laiti angeendelea kuiogopa, leo pasingekuwa na la kusimulia.

Ilikuja na Mathew, mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa friji kule Mombasa. Alivuka mpaka wa Horohoro siku ya Jumatano, akafika Chumbageni mnamo saa tisa mchana na boksi kwapani, akaliweka mezani taratibu kama mtu anayeshusha keki ya arusi.

"Dada, hii ni ya kipaimara cha Blesi. Lile dude lako la mkaa kalitupe."

Yudith alishukuru sana, lakini hakutupa kitu. Mathew alipotoka kwenda kunawa, alilisukuma lile dude kwa mguu likaingia zaidi chini ya kitanda, mahali ambapo mtu hawezi kuliona mpaka apige magoti.

Boksi lilikuwa limejaa Kiingereza pande zote. Yudith alimaliza darasa la saba huko Pongwe, na Kiingereza chake kilikoma kwenye kumwamkia mwalimu. Binti yake Blessing, huyo Blesi, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye msomi wa nyumba. Mjomba Mathew alikuwa anamsomesha shule ya Kiingereza tangu baba yake, marehemu Hosea, alipofariki.

"Steam iron," Blessing akasoma, kwa ile sauti yake ya darasani. "Mama, hii tumeisoma! Iko kwenye somo la vyombo vya nyumbani. Friji, feni, jiko la umeme, mashine ya kufulia, halafu hii. Mwalimu aliuliza steam iron ni nini, darasa zima kimya, nikapata mimi peke yangu."

"Ukasemaje?"

Blessing akasimama wima, mikono nyuma, akaimwaga sentensi nzima ya Kiingereza bila kuvuta pumzi. Kisha akamfasiria mama yake kwamba ni chombo cha umeme kinachonyoosha nguo kwa joto na mvuke wa maji. Akaleta na daftari. Pale pale chini ya sentensi palikuwa na tiki nyekundu, kubwa, mkia wake umevuka mistari mitatu.

"Hongera mwanangu. Na ulishawahi kuishika?"

"Si ndiyo naiona leo!"

Basi ndani ya nyumba ile alikuwemo mtu mmoja anayelijua jina la kile chombo, na mwingine anayejua kupiga pasi. Anayekijua chombo chenyewe hakuwemo. Akina mama wengi tunaishi hivyo siku hizi, na hatuna habari.

Bi Mwanaima, jirani wa mlango wa pili, alikuja kuiona pasi kabla hata takataka za boksi hazijafagiliwa. Yeye ni Mpemba, mtu mzima, mshona kofia, na nyumba zao zilishikana ukuta, zikatumia ua mmoja na mita moja ya umeme.

"Shikamoo bibi," Blessing akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Haya, kiko wapi hicho kidude?" Akakigeuza, akachungulia tundu la kutilia maji. "Hapa ndipo mnapotia marashi?"

"Maji, bibi. Maji safi tu. Imeandikwa."

"Maji matupu! Mzungu kaniudhi. Katengeneza tundu zuri namna hii, kisha hataki litiwe marashi. Mimi ningetia waridi, mume wangu Uweso akitoka na kanzu yake watu wamfuate mpaka msikitini."

"Na wanawake nao wakimfuata?" Yudith akamchokoza.

"Wamchukue! Nitapumzika kukoroma."

Wakacheka. Yudith akairudisha pasi ndani ya boksi, boksi akalipandisha juu ya kabati. Alisema itatoka Jumamosi, siku ya kupiga pasi gauni. Kabla ya hapo mtu asiiguse.

Gauni lenyewe ndilo lililokuwa linamnyima raha. Lilikuwa jeupe, la pamba nzito, mikono mirefu, na mbele lilikuwa na marinda kumi na mawili yaliyoanzia kiunoni yakashuka mpaka chini ya magoti. Mama yake Yudith, marehemu Bertha, alilishona kwa mkono. Yudith alilivaa siku ya kipaimara chake mwenyewe, akalivua, likakunjwa na karafuu, likangoja miaka ishirini na saba. Picha za Bertha ziliharibika mvua ilipovuja. Vyombo vyake waligawana ndugu. Kilichobaki kwa Yudith kilikuwa gauni lile na ile pasi ya mkaa chini ya kitanda. Jumapili Blessing alikuwa asimame madhabahuni amelivaa, na Yudith hakutaka kingine duniani. Alishasema mara mbili kwa sauti, tena mbele ya watu: "Siku hiyo nikimwona Blesi ndani ya lile gauni, nitajua mama amekuja kanisani."

Bertha alikuwa mtoto wa Wabena waliotoka Njombe kuja kukata mkonge. Alizaliwa kambini, akaolewa kambini, na pale kambini alikuwa na sifa moja iliyovuka mipaka ya lile shamba: hakuna aliyepiga pasi kama yeye. Kila Jumamosi joho la mchungaji lililetwa kwake, na sare za kwaya, na nguo za maarusi. Yudith alikuwa anaamka na kukuta mama yake ameshawasha vifuu vya nazi uani, maana alisema mkaa wa miti unatoa cheche lakini vifuu vina moto wa adabu. Pasi yake ilikuwa na jogoo mdogo wa chuma kwenye kifuniko; ukimgeuza jogoo, pasi inafunguka kinywa. Bertha alipakia makaa, akafunga, akaibembeza pasi huku na huko kama chetezo mpaka matundu ya ubavuni yakawa mekundu. Kisha akaipitisha juu ya jani bichi la mgomba, ikalia chwaaa, na ile harufu! Yudith akiisikia mpaka leo harufu ya jani la mgomba lililoungua anageuka nyuma kumtafuta mtu.

Halafu mama alijaza maji kinywani, akayapuliza juu ya kitambaa yakatua kama umande. Watoto walisimama kando kusubiri mpulizo, kwa sababu jua likiwa upande mzuri ulionekana upinde wa mvua mdogo ukitoka mdomoni mwa mama.

Na mwisho wa yote, ndilo hilo la kushika, palikuwa na marinda. Marinda hayakubali amri mara moja. Bertha akishayanyoosha, alimwaga jivu na makaa, akaingoja pasi ipoe mpaka aweze kuilaza shavuni. Ndipo akailaza juu ya marinda kwa uzito wake, akaenda zake shamba, au kisimani, au kanisani kwenye zoezi la kwaya. "Iyalalie," alikuwa anasema. "Pasi ikipoa inageuka jiwe, na jiwe halina ubaya na mtu." Akirudi, kila rinda limekaa kama ukurasa wa kitabu.

Haya Yudith hakufundishwa kwa mdomo. Yaliingia mkononi yenyewe, na yaliyoingia mkononi hayaombi ruhusa kwa kichwa.

Jumamosi ikafika. Saa saba mchana walitandika blanketi juu ya meza, juu yake shuka, juu ya shuka gauni. Blessing alifungua kile kijitabu cha maelezo akawa anasoma na kufasiri, kidole kwenye mstari.

"Jaza maji mpaka alama. Chomeka. Zungusha kitufe mpaka palipoandikwa pamba. Subiri taa izime."

Taa ikazima. Yudith akabonyeza, mkono umekaza kama anayeshika nyoka. Pasi ikatoa pumzi ndefu, shiii, na mvuke ukapanda usoni kwake. Akaruka nyuma. Blessing akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama! Imekuamkia tu!"

"Marahaba yake," Yudith akasema. Akajaribu tena. Safari hii hakuruka. Mkunjo uliokaa miaka ishirini na saba ukayeyuka chini ya mkono wake, bila jasho, bila moshi wa kumtoa machozi. Akapiga mkono wa kulia, akapiga wa kushoto, akapiga kola. Nusu saa ilipopita alikuwa anaimba. Ule woga wote wa tangu Jumatano ulikuwa umekwisha, na hapo ndipo pa kuandikia kwa wino mwekundu, wenzangu: kifaa kigeni hakikudhuru siku unayokiogopa. Kinakudhuru siku mnapozoeana.

Alipomaliza rinda la kumi na mbili tu, feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Redio ya kwa Bi Mwanaima ikanyamaza katikati ya neno.

"Umeme huo umekwenda!" Bi Mwanaima akapaza sauti ng'ambo ya ukuta. "Kila mtu ashike upepo wake!"

"Si neno, tumemaliza!" Yudith akamjibu. Akatazama saa. Saa nane kasoro. Saa nane walitakiwa kanisani wote wawili, Blessing kwenye zoezi la mwisho la wanakipaimara, yeye pamoja na akina mama wa kupamba madhabahu. Wakaoga haraka, wakavaa. Kabla ya kutoka Yudith akarudi mezani, akaigusa pasi kwa kidole chenye mate. Kimya. Akaigusa kwa kiganja. Ilikuwa vuguvugu, kama bilauri ya chai iliyosahaulika.

Akayapanga marinda, moja juu ya jingine. Akailaza pasi juu yake.

"Iyalalie," akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bertha mtupu. Akatabasamu.

Blessing alikuwa mlangoni anafunga kiatu, kijitabu bado kiko mkononi. "Mama, humu wamechora imesimama. Hii ya kulala wameitia alama ya kukataza."

"Kitabu kina marinda?"

"Hakina."

"Basi kiache. Bibi yako aliyalaza marinda ya kambi nzima. Twende, tumechelewa."

Na waya? Waya ulikuwa ukutani vile vile. Umeme haupo, uchomoe nini? Hivyo ndivyo anavyofikiri mtu aliyelelewa na mkaa. Mkaa ukizima umezima, haurudi wenyewe kutoka kwenye mitambo ya umeme ya Hale kuja kuwaka juu ya meza yako.

Kanisani kulikuwa na joto, lakini kazi ilikwenda vizuri. Akina mama walifunga maua na vitambaa vyeupe, huku Blessing na wenzake wakijifunza kupanda ngazi ya madhabahu wawili wawili bila kukanyagana. Yudith alikuwa juu ya kiti, pini mdomoni, anaweka kitambaa kwenye nguzo. Ilikuwa saa kumi hivi. Akasikia feni kubwa ya kanisa inakohoa, inazunguka. Taa zikawaka. Akina mama wakapiga vigelegele, watoto wakapiga makofi.

"Umerudi! Bwana asifiwe!"

Na Yudith naye akafurahi. Akainua mkono apige makofi. Mkono ukabaki juu.

Pini zikamtoka mdomoni.

"Mama, nini?" Blessing akauliza kutoka ngazini, lakini mama yake alishateremka, alishafika mlangoni, kiatu kimoja kimebaki chini ya kiti. Bodaboda ya kwanza ikampita. Ya pili aliisimamisha katikati ya njia, mikono ameitanua, na kijana wa watu ikabidi afunge breki.

"Chumbageni! Nyumba yangu inaungua!"

"Unaona moshi, mama?"

"Nenda!"

Njia nzima hakuliwaza gauni. Baadaye alipojichunguza aliona ajabu: gauni alilolilinda miaka ishirini na saba halikumjia hata mara moja. Alichowaza ni kwamba mlango ameufunga kwa kufuli, na kwamba ng'ambo ya ukuta ule Bi Mwanaima hulala kila siku baada ya sala ya alasiri, na akilala hasikii hata radi.

Alipokata kona aliona watu uani. Kufuli lilikuwa chini, limepindika. Mzee Uweso alikuwa amesimama mlangoni na mtalimbo mkononi, anakohoa. Moshi ulikuwa unatoka, lakini ulikuwa mweupe, mvivu, wa kitu kilichokwisha kumwagiwa maji. Bi Mwanaima alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, ndoo tupu kati ya miguu, ushungi umelowa. Siku hiyo hakulala, kwa sababu redio ilirudi na umeme ikampigia kelele sikioni. Akanusa. Akadhani ni Uweso anachoma takataka. Akanusa tena, akasema takataka gani hii inanuka pamba, akainuka akashusha swichi kubwa kwenye mita, ndipo akapiga ukelele.

Yudith alimpigia magoti pale pale kwenye mchanga.

"Inuka, Mama Blesi, inuka," Bi Mwanaima akasema. "Ukitaka kutufukiza, mwanangu, si ungetwambia tukaja na udi wetu?"

Yudith alicheka na kulia kwa pamoja, haijulikani kipi kilitangulia.

Ndani, blanketi lilikuwa limeliwa tundu la duara, jeusi, na meza imechomwa kiasi cha kina cha kidole. Gauni liliinuliwa na Mzee Uweso kwa ncha za vidole. Mbele, juu ya marinda, palikuwa na alama ya pasi: ncha juu, kisigino chini, kingo za kahawia, katikati hakuna kitambaa.

Blessing alifika mbio, kiatu cha mama yake mkononi. Akalitazama gauni. Yudith akangoja. Alingoja neno moja, "nilikuambia," na alikuwa tayari kulipokea, hata alilihitaji. Halikuja. Mtoto aliweka kiatu chini, akamsogezea mama yake mguuni, na ndipo Yudith alipoumia kuliko kote.

"Nisamehe," akamwambia. "Kitabu kilisema na wewe ulisema."

"Bibi angekasirika?"

"Bibi yako angenichapa na waya wenyewe."

Bi Mwanaima akalichukua gauni, akatoka nalo nje kwenye mwanga, akavaa miwani yake ya kushonea kofia. Akaligeuza ndani, nje, ndani. Akaanza kuhesabu kwa midomo.

"Hicho kidude chenu kimekula manne," akasema. "Manne tu. Yamebaki manane. Mama yako, Mama Blesi, alikuwa mtu wa akiba. Tazama kitambaa alichokificha humu ndani ya marinda, kinatosha kumshonea mtoto shuka. Nikate huku, nivute huku, nifunge. Litambana kidogo."

"Nitatembea polepole, bibi," Blessing akasema.

Akashona hapo hapo kizingitini, sindano inaingia na kutoka kama domo la kuku. Alipokata uzi wa mwisho, gauni lilikuwa zima, lakini limekunjamana lote, lina maji na majivu. Likafuliwa upya, likaanikwa juani. Lilipobakisha unyevu kidogo, wakatazamana. Ile pasi ya Mombasa ilikuwa pembeni, uso mweusi, waya umefungwa shingoni kama mshitakiwa.

Blessing ndiye aliyeingia ndani. Akapiga magoti, akatoka na dude la mkaa, utando wa buibui umemvika jogoo kilemba.

Vifuu vikawashwa. Yudith akamwonyesha kumgeuza jogoo, akamwachia aibembeze pasi, na mtoto akaibembeza, mwanzo kwa woga, kisha kwa raha, mpaka Bi Mwanaima akamwonya asiwarushie makaa. Jani la mgomba likakatwa uani. Chwaaa. Yudith aligeuka nyuma, kama kawaida yake. Alijaza maji kinywani, akapuliza, na jua la magharibi lilikuwa upande mzuri.

"Mama! Puliza tena!"

Akapuliza tena.

Rinda la nane lilipokwisha, Blessing akauliza taratibu, "Sasa tuilaze?"

Mkono wa Yudith ulitaka. Lakini aliichukua pasi mpaka uani, akamwaga makaa kwenye mchanga, akayamwagia maji, akayakanyaga. Akakung'uta jivu. Akaingoja. Akailaza shavuni, akamwekea na Blessing shavuni. Ndipo akailaza juu ya marinda, na yeye akavuta kigoda akaketi kando yake. Bi Mwanaima alipita na chetezo akalifukiza gauni udi ili kuondoa harufu ya kuungua, akamkuta bado ameketi, akapita tena kuelekea kuswali isha, bado ameketi.

"Inaatamia?" akauliza.

"Nailinda."

Jumapili Blessing alipanda ngazi za madhabahu kwa hatua fupi fupi, kama bibi arusi wa Kipemba, ananukia udi kanisa zima. Mchungaji alinusa, akatazama huku na huku, akaendelea. Yudith alikaa benchi la tatu. Alimtafuta mama yake katika lile gauni, kama alivyoahidi, na alimwona. Lakini alimwona mahali ambapo hakutegemea: pale mbele, palipokatwa na kufungwa, kwenye kile kitambaa cha akiba.

Pasi ya mvuke hakuitupa. Mathew akija atauliza, na chombo hakikukosa, aliyekosa ni mtu. Uso wake ulisuguliwa kwa chumvi ukarudi kung'aa, na siku hizi Jumamosi inalia shiii kama zamani. Ila imepangiwa kigae chake cha kusimamia. Na ukutani, juu kidogo ya soketi, pamebandikwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Juu kuna sentensi ya Kiingereza na ile tiki nyekundu yenye mkia. Chini yake Blessing ameongeza kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, ambacho shuleni kwao wangemwadhibu kwacho:

UMEME UKIKATIKA, CHOMOA KWANZA, NDIPO ULALAMIKE.